Swichi za bei ndogo na ndege isiyoruka: historia iliyoanzia kiwanda cha vinanda

Redio ndogo ya betri ikinyamaza, mara nyingi redio yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni swichi. Mafundi wa kando ya barabara kule Goma, Bukavu, Bunia na Uvira wanalijua jambo hilo, na familia zilizokimbia vita zikiwa na redio moja tu ndani ya mzigo zinalijua zaidi. Fundi anafungua redio nyingine iliyoharibika, anatoa swichi yake, anaiunga kwa lehemu kwenye ile ya mteja, na habari za jioni zinasikika tena.

Kwa kazi ya namna hiyo, ya kutoa kipande hapa na kukitia pale, ndipo ilipozaliwa mashine ya kujifunzia urubani bila kutoka ardhini, ile inayoitwa simuleta. Wengi wanaiona kuwa kitu cha makampuni makubwa na nchi tajiri. Lakini ya kwanza iliyofaulu ilijengwa na mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda, kwa vipande vya vinanda.

Jina lake ni Edwin Link. Alizaliwa mwaka wa 1904 katika jimbo la Indiana, Marekani, na familia yake ikahamia mji wa Binghamton, jimbo la New York, ambako baba yake alikuwa akitengeneza piano na vinanda vikubwa vya kupulizwa kwa upepo, vile vya makanisani na vya majumba ya sinema. Kijana alikulia kati ya mabomba, ngozi na mivukuto.

Mwaka wa 1920 alilipa dola 50 kwa somo lake la kwanza la kurusha ndege. Siku zile hizo zilikuwa pesa nyingi. Rubani akampandisha, akamzungusha angani, akapindua ndege juu chini, kisha akamrudisha. Link hakuruhusiwa kugusa usukani hata mara moja. Mwalimu alikuwa na sababu: ndege ilikuwa ghali, na mwanafunzi akikosea huko juu wanakufa wote wawili. Mwenye mfuko mdogo angejifunzaje basi?

Jibu Link alilitafuta chini, ndani ya kiwanda cha baba yake, kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Alijenga kiwiliwili kifupi cha ndege chenye mabawa madogo, akakiweka juu ya mivukuto ya kinanda. Anayetaka kuelewa afikirie mivukuto ya mhunzi: ikijaa hewa inainuka, ikinyonywa inashuka. Mashine ya umeme ilinyonya hewa, na vali zilizofungwa kwenye usukani na kanyagio ziliamua mvukuto upi ujae na upi ulale. Mwanafunzi akivuta usukani, pua inainuka. Akiusukuma kando, bawa linalala. Kuzungusha mashine nzima kulia au kushoto kulifanywa na mota ya upepo, sawa na zile za piano zinazojipiga zenyewe. Mwaka wa 1929 aliomba hati ya uvumbuzi, na mwaka wa 1931 akaipata.

Waliomnunulia kwanza hawakuwa marubani. Walikuwa wenye viwanja vya michezo, ambako watu walitumbukiza sarafu wakatikiswa kidogo kwa kujifurahisha. Jeshi liliangalia, likapita. Kwao ilikuwa mchezo wa watoto.

Mawazo yalibadilika kwa sababu ya vifo. Mwezi wa Februari 1934 rais Roosevelt alivunja mikataba ya makampuni yaliyobeba barua kwa ndege, akalipa jeshi kazi hiyo. Marubani wa jeshi walikuwa wamezoea kuruka mchana wakitazama ardhi. Sasa walitumwa usiku, katika theluji na ukungu, bila mazoezi ya kutosha ya kuongoza ndege kwa kutazama saa zilizo mbele yao peke yake. Kwa muda wa wiki chache walikufa watu zaidi ya 10. Huku Kivu na Ituri, ambako barabara ikikatwa dawa hufika kwa ndege inayopita katikati ya milima yenye mawingu, hakuna haja ya kueleza sana maana ya rubani asiyeona mbele.

Maofisa wakamwita Link. Inasimuliwa kwamba siku ya mkutano hali ya hewa ilikuwa mbaya hata wao wakadhani hatafika. Akatua Newark katika ukungu, akiongozwa na saa za ndege yake tu, ujuzi aliokuwa akiufundisha kwa mashine yake. Mwaka huo huo jeshi lilinunua mashine 6, kila moja kwa dola 3,500.

Halafu ikaja vita kuu ya pili. Zilijengwa zaidi ya mashine 10,000, na marubani wa Marekani waliopitia humo wanahesabiwa kuwa kama 500,000. Mwanafunzi alifungiwa ndani, kifuniko kikashushwa, akabaki gizani na saa zake. Mwalimu alikaa mezani nje, akimsemesha kwa vipaza sauti vya masikioni, huku kalamu yenye magurudumu ikichora juu ya ramani njia ambayo mwanafunzi alidhani anairuka. Aliyegonga mlima, aligonga mlima wa karatasi.

Vita hiyo ilihitaji swichi kwa mamilioni: za ndege, vifaru, meli na redio. Ndani ya swichi umeme hupita katika shaba na madini ya jamii yake, na shaba ya Katanga, iliyochimbwa na Union Minière kwa mikono ya Wakongo, ilikwenda upande wa Washirika. Ni vipande vingapi vyake viliishia mbele ya rubani, hakuna aliyehesabu.

Ni katika vita hiyo pia ndipo ilipojulikana kwamba swichi mbaya inaweza kuua. Mwaka wa 1943 mtaalamu wa saikolojia Alphonse Chapanis alipewa swali gumu: kwa nini marubani wa ndege kubwa ya B-17, wakishatua salama, wanakunja magurudumu na kulaza ndege tumbo chini? Wengine walisema ni uzembe. Chapanis aliingia ndani ya ndege, akatazama. Swichi ya magurudumu na swichi ya flapu, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zilikaa jirani na zilifanana kabisa. Mtu aliyechoka, mkono ukienda bila macho, alishika isiyo yake. Dawa yake ilikuwa ya bei ya chini kuliko kitu chochote katika ndege ile: kwenye mkono wa magurudumu weka kigurudumu kidogo, kwenye wa flapu weka kipande chenye umbo la bawa. Mpaka leo ndege za abiria zinafuata kanuni hiyo.

Vita vilipokwisha, vifaa vilivyobaki vilimwagika sokoni. Mjini New York, katika barabara ya Cortlandt na mitaa ya jirani, kulikuwa na eneo lililoitwa Radio Row, maduka yaliyojaa taa za redio, nyaya, saa za ndege na masanduku ya swichi za jeshi zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Lilibomolewa miaka ya 1960 ili kujenga World Trade Center. Akihabara kule Tokyo nako kulikua kutokana na meza za wauza vipuri vya redio baada ya vita. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza umeme kwa kufungua vitu ambavyo jeshi limeviacha.

Angani mtu wa kawaida bado alikuwa mbali. Mlango ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Bruce Artwick, aliyesoma Chuo Kikuu cha Illinois, alipotengeneza programu ya kurusha ndege kwa kompyuta ndogo ya Apple II. Microsoft ilitoa yake, iliyotokana na kazi ya huyo huyo Artwick, mwaka wa 1982. Edwin Link alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Sasa ndege ilikuwa ndani ya nyumba, lakini iliendeshwa kwa kibodi: kitufe kimoja kwa magurudumu, kingine kwa flapu. Aina ya kosa aliloliona Chapanis ilikuwa imerudi, vitufe vyote vikiwa sura moja.

Ndiyo sababu wapenzi wa urubani walianza kujenga chumba cha rubani nyumbani, kwa mbao, bati na plastiki, wengi wakiiga Boeing 737. Mbao si tatizo. Skrini si tatizo. Kinachomaliza pesa ni swichi, maana chumba kimoja kinadai makumi kwa makumi. Swichi halisi ya ndege inaweza kuuzwa makumi ya dola, pengine mamia. Shaba yake ni kidogo tu. Mnunuzi analipia karatasi: majaribio ya joto, baridi na mtetemeko, na hati zinazoonyesha ilikotoka. Ndege isiyoruka haihitaji karatasi hizo.

Kwa hiyo wanatafuta kwingine. Swichi za malori na za mitambo ya viwanda zina mkono mzito unaofanana na wa ndege. Mashine kuukuu za hospitali na za simu zinafunguliwa. Jangwani Marekani, kule Mojave na Tucson, ndege zilizostaafu hukatwa, na vipande visivyoruhusiwa tena kuruka vinauzwa kwa bei nafuu. Na siku hizi mifuko ya swichi mpya hutoka China.

Lakini rahisi ina mtego wake, na hapa fundi wa redio atatikisa kichwa kwa kukubali. Mwaka wa 1884 Mwingereza John Henry Holmes, wa Newcastle, alitambua kwamba swichi inayofunguka polepole hutoa cheche zinazoila, akatia springi ili ikatike kwa ghafla. Ule mlio wa "tak" ndio huo. Swichi za umeme mkubwa hutengenezwa mara nyingi kwa ncha za fedha, na vicheche vidogo vinavyobaki huchoma ule uchafu mwembamba unaoota juu yake. Ukiifunga swichi ya lori kwenye kompyuta, umeme ni mdogo mno. Hakuna cheche, uchafu unabaki, na baada ya miezi rubani wa nyumbani anasukuma swichi ya taa na hakuna kitu. Kwa umeme mdogo inafaa ncha iliyopakwa dhahabu, au basi uvumilivu wa kusafisha. Tena ncha zikigongana hurukaruka mara kadhaa kwa muda mfupi sana, na kompyuta huhesabu kila mruko. Programu lazima ifundishwe kungoja kidogo kabla ya kuamini.

Ubongo wa kuunganisha swichi zote nao ulipatikana kwenye takataka. Kibodi iliyokufa ina kisahani ndani kinachotambua vitufe kwa mistari na safu, kama mtu anayetafuta hema kambini kwa namba ya mstari na namba ya hema. Nyaya 8 za kulala na 8 za kusimama zinatosha swichi 64, mradi kila swichi iwekewe diodi yake ili zisichanganyane. Tangu mwaka wa 2005, bodi ndogo za Arduino, zilizobuniwa mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi, zimechukua nafasi ya kibodi hizo kwa wengi.

Kisha linabaki swali la mkono na macho. Mwenye swichi 40 za mfuko mmoja, zote zikifanana, amejenga B-17 upya sebuleni. Wajenzi wenye uzoefu huchanganya: moja ndefu, moja yenye kichwa cha mviringo, moja inayovutwa kwanza ndipo isogee, moja chini ya kifuniko chekundu. Na kwenye mkono wa magurudumu huweka kigurudumu, hata kikiwa kimetoka kwenye gari la kuchezea la mtoto.