Ukaguzi wa Magari: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilisha Taa za Mbele

Jijini Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Katika maeneo ya pembezoni mwa jiji, kama vile Bunju na Mabwepande katika Manispaa ya Kinondoni, au Mbagala na Chamazi katika Manispaa ya Temeke, zipo barabara za mitaa zisizo na taa, na watembea kwa miguu, bodaboda na mikokoteni huzitumia pamoja na magari. Taa dhaifu hapo ni hatari. Taa inayompofusha dereva anayekuja mbele ni hatari vilevile. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inakataza kutumia barabarani gari bovu. Jukumu la kukagua magari yaliyopo barabarani ni la Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, wakati Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hukagua magari yaliyotumika yanayoingizwa kutoka nje ya nchi.

Wamiliki wengi wa magari ya zamani hudhani kuwa dawa ya taa hafifu ni balbu yenye nguvu zaidi. Ukweli ni kwamba taa bora si ile inayong'aa kuliko nyingine, bali ile inayopeleka mwanga mahali panapotakiwa. Kwa sababu hiyo, inashauriwa kurejesha kwanza uwezo wa taa zilizopo, kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, kioo cha nje. Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 yana vioo vya taa vya plastiki ngumu, ambavyo hufifia na kuwa vya njano kutokana na jua. Kioo cha aina hiyo kinaweza kupigwa msasa laini wa maji, kung'arishwa na kupakwa rangi angavu inayozuia miale ya jua. Bila rangi hiyo, ukungu hurudi baada ya muda mfupi.

Pili, sehemu ya ndani inayoakisi mwanga. Iwapo imebabuka au kupata kutu, kubadilisha balbu hakutasaidia. Inapaswa kubadilishwa taa nzima.

Tatu, umeme. Nyaya zilizochakaa na viungio vyenye kutu hupunguza volti zinazoifikia balbu. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya halojeni hupungua kwa takribani asilimia 30. Fundi umeme wa magari apime volti kwenye balbu taa zikiwa zimewashwa, injini ikiunguruma, kisha alinganishe na volti za betri. Tofauti ikiwa kubwa, viungio visafishwe au zifungwe nyaya mpya zenye rilei na fyuzi.

Balbu ya kawaida ya aina ya H4 hutumia wati 60 kwa mwanga wa mbali na wati 55 kwa mwanga wa karibu. Kufunga ya wati 100 huongeza umeme unaopita kwenye nyaya kutoka ampea 5 hadi zaidi ya ampea 8, hali inayoweza kuyeyusha soketi au kusababisha moto. Balbu za LED nazo, zikiwekwa ndani ya taa iliyobuniwa kwa ajili ya halojeni, mara nyingi hutawanya mwanga, kwa kuwa chanzo chake hakikai sawasawa na ule uzi wa balbu ya awali.

Mnunuzi wa taa nzima, mpya au iliyotumika, ahakikishe imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania na Japani. Taa ya nchi zinazoendesha kulia huinua mwanga wake upande wa kulia, machoni mwa dereva anayekuja.

Hatua ya mwisho, ambayo wengi huisahau, ni kulenga taa. Gari lisimame mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi na dereva akiwa ameketi. Kimo cha katikati ya taa kiwekewe alama ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga wa karibu unapaswa kuwa takribani sentimita 10 chini ya alama hiyo, ukipanda kidogo upande wa kushoto pekee.

Kabla ya kupeleka gari kwenye ukaguzi, mmiliki athibitishe kuwa taa zote mbili zinawaka kwa rangi na nguvu zinazolingana, zinabadilika kutoka mwanga wa mbali kwenda wa karibu, na zimefungwa imara. Gari lililotimiza hayo humwezesha dereva kumwona mtembea kwa miguu mapema, bila kumnyima dereva mwenzake nafasi ya kumwona pia.