MIELEKA YA KWENYE TV: MAPIGO YA KUMALIZIA YANAVYOFANYWA

Wadau wa Bukoba na Muleba mnaoiga mapigo ya WWE, jueni kwanza kazi kubwa anaifanya anayepigwa. Kwenye RKO ya Randy Orton, anayekabwa shingo ndiye anayejirusha na kutua kwa kifua na mikono, siyo uso. Ndo maana mafunzo yanaanza na kuanguka: bana kidevu kifuani, toa pumzi, tua na mgongo wa juu huku viganja vikipiga chini.

Tombstone ya Undertaker ndo balaa. Utosi wa aliyebebwa lazima uwe juu ya magoti ya mbebaji, magoti ndo yagonge chini. Agosti 1997 Owen Hart alimshusha Stone Cold kwa kukaa kitako badala ya kupiga magoti. Kichwa kikatangulia, jamaa akapooza kwa muda. Na hao ni watu wa kazi!

Jirani zetu Waganda wa Soft Ground Wrestling, Mukono, walianza 2023 kwenye ulingo wa matope, maana ulingo wenyewe ni ghali. Matope yanapunguza kishindo cha mgongo. Shingo hayaiokoi. Na mchanga wa ufukweni ukishalowa maji ya ziwa unakuwa mgumu, tafuteni mkavu.