Riwaya Iliyosikilizwa Kabla ya Kuchapishwa

Watu wengi huamini kwamba riwaya ndefu ya fantasia ni ya msomaji aliyejifungia chumbani peke yake. Historia ya The Lord of the Rings inaonyesha vingine. J. R. R. Tolkien, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, alianza kuiandika Desemba 1937, mchapishaji alipomwomba mwendelezo wa kitabu chake The Hobbit, akaimaliza 1949. Katika miaka hiyo sura zake nyingi zilisomwa kwa sauti mbele ya marafiki waliojiita Inklings. Walikutana Alhamisi usiku chumbani mwa mmoja wao, C. S. Lewis, katika chuo cha Magdalen hapo Oxford. Chai ikishanywewa na viko vikishawashwa, Lewis aliuliza nani kaja na maandishi. Mmoja akatoa karatasi zake, akasoma, kisha wenzake wakamkosoa bila kumwonea haya. Desturi hiyo ilikuwa na mizizi. Mwaka 1926 Tolkien alianzisha kikundi cha kusoma masimulizi marefu ya kale ya Iceland katika lugha yao ya asili, kila mtu akitafsiri kipande kwa zamu, na Lewis alijiunga nacho. Urafiki wao ulikomazwa na hadithi ndefu zilizosomwa kwa pamoja.

Kuna wanaopinga kwamba kikundi kilichangia lolote, kwa kuwa Tolkien alikuwa mgumu kubadilishwa na maoni ya watu. Ni kweli alikuwa mgumu. Lakini kazi ya miaka 12 huhitaji kitu kingine kabla ya marekebisho: mtu anayeisubiri. Mapema mwaka 1944 riwaya ilikuwa imekwama kwa miezi mingi. Lewis alimhimiza, na kuanzia Aprili Tolkien akarudi kwenye mswada, akawasomea Lewis na mwanachama mwingine, Charles Williams, sura mpya kadiri zilivyotoka, na nyingine akazituma kwa posta kwa mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini na jeshi la anga. Baadaye Tolkien mwenyewe alikiri kwamba deni lake kwa Lewis lilikuwa la kutiwa moyo, na kwamba pasipo msukumo huo asingefika mwisho.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kikundi kinaweza pia kuiua hadithi. Hugo Dyson, mmoja wa wanachama, hakuipenda kabisa, na ilifika mahali usomaji ukasitishwa kila alipoingia. Hasara hiyo haifichiki. Hata hivyo Dyson alinyamazisha usomaji, hakuvunja uhusiano. Lewis aliendelea kuufuatilia mswada mpaka alipousoma mzima mwaka 1949. Kitabu kilipotoka kwa juzuu tatu, 1954 na 1955, dibaji ya toleo la kwanza ilikitunuku kwa watoto wa mwandishi na kwa Inklings.

Kwa hiyo wanaokutana leo kusoma riwaya ya kurasa elfu hawaiondoi mahali pake. Wanaisoma kwa namna iliyoilea. Kama kikundi chenu kimechoka katikati ya juzuu ya pili, msikiache kitabu. Punguzeni kasi, someni sura moja kwa sauti kila mkutano, na asiyeipenda aseme sababu zake bila kuwanyima wenzake kusikiliza.