Sinema ya Safura

Juu ya Korogwe, kwenye milima ya Usambara, kuna mahali panaitwa Vugiri. Leo anayepataja hutaja chai na ubaridi. Mwaka 1935 palikuwa na karakana ya sinema. Wageni wachache walipiga kambi huko na kamera, projekta na vyombo vya kunasia sauti, na kazi waliyojipa ilikuwa kubwa: kutengeneza picha za kuwafundisha watu wa Afrika Mashariki na Kati, kisha kuzizungusha kwa lori kutoka mji hadi mji, shamba hadi shamba.

Mradi huo, uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, ulianzishwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha zake nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Uliongozwa na J. Merle Davis. Upigaji picha ulikuwa mikononi mwa Meja L. A. Notcutt, na upande wa elimu uliangaliwa na G. C. Latham. Ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetoa sinema 35. Kulikuwa na ya akiba ya posta, ya kodi, ya chai, ya mmomonyoko wa udongo, ya malaria ya watoto wachanga. Mojawapo ilihusu minyoo ya safura.

Filamu zilikuwa nyembamba, za milimita 16, na maneno hayakuwa ndani ya filamu. Yaliwekwa kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha, ili sinema ileile iseme Kiswahili Tanganyika na lugha nyingine ikifika Nyasaland. Jioni lori lilisimama, kitambaa cheupe kikatandazwa, na watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona picha inayotembea wakakaa chini kutazama. Kwa pwani ya Tanga na bara lake, hiyo ilikuwa semina ya magonjwa ya tumbo iliyolenga watu wa kawaida, hata kama wakati huo hakuna aliyeiita semina.

Neno safura lina historia ndefu kuliko sinema hiyo. Asili yake ni Kiarabu, kwenye rangi ya njano na kwenye nyongo, ile nyongo ambayo tiba ya kale ya Waarabu na Wayunani iliihesabu kuwa mojawapo ya maji manne yanayotawala mwili. Mswahili wa zamani alipomwona mtu amepauka, viganja vimekwisha rangi, uso umevimba, pumzi inamwisha kwa kupanda kilima kidogo, alisema ana safura, na akatazama upande wa ini na nyongo. Kamusi za karne ya 19 ziliuhusisha ugonjwa huo na hamu ya kula udongo. Waliotunga jina hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa wameona sawasawa. Mtu aliyepungukiwa damu kwa muda mrefu mara nyingi hutamani udongo, na weupe wa viganja ndio mganga yeyote wa zahanati anaouangalia hadi leo kabla ya kipimo chochote.

Kosa lilikuwa kwenye kiungo. Ini halikuwa na hatia. Mnyoo wa safura, mwembamba kama uzi na mwenye urefu wa sentimita moja hivi, hukaa kwenye utumbo mwembamba, akauma ukuta wake na kunywa damu. Jinsi anavyofika huko iligunduliwa Cairo mwaka 1898, kwa bahati. Arthur Looss, mtaalamu wa vimelea, alidondokewa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo. Ngozi ikawasha, ikawa nyekundu, na baadaye akayakuta mayai ya minyoo kwenye choo chake mwenyewe. Hivyo ikajulikana kwamba mnyoo huyu hapiti mdomoni tu. Huingia kwa ngozi, hasa ya nyayo, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, ndipo hutua tumboni. Anachohitaji ni udongo wenye joto, unyevu na kivuli, kinyesi juu ya udongo huo, na mguu usio na kiatu.

Masharti hayo yote pwani hii ilikuwa nayo, na kilimo kikubwa kiliyaongeza. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilipita Hamburg, vikafika vikiwa vimekufa karibu vyote. Vilivyosalia hai ni 62, na vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katika vichipukizi hivyo ndimo yalimotoka mashamba yaliyoijaza Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani kwa miongo mingi, pamoja na watu waliokuja kuyafanyia kazi. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walitoka mbali: kusini, magharibi, hata nje ya mipaka. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuajiri, SILABU, na mabehewa ya manamba yakazidi.

Fikiria kambi ya watu mia kadhaa, pekupeku, katika nchi ya mvua mbili kwa mwaka. Notcutt mwenyewe aliijua hali hiyo kwa karibu, kwani kabla ya Vugiri alikuwa meneja wa shamba la mkonge, na wazo la sinema lilimjia huko katika miaka ya 1920, akiamini kwamba burudani ya picha ingewafanya wafanyakazi waridhike na kutulia. Jambo hili halifai kupitwa haraka. Somo lolote la safura, liwe la picha au la mdomo, lazima liishie chooni na kwenye kiatu. Lakini manamba wa mkataba hakuchagua choo cha kambi kichimbwe wapi, wala mshahara wake haukuwa wa kununua viatu. Aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha udongo ule ni mwenye shamba, naye hakuwa ameketi chini mbele ya kitambaa cheupe.

Dawa nazo zilikuwa na hatari zake. Katika miaka ya 1920 madaktari duniani kote walishangilia dawa mpya ya safura, tetrakloridi ya kaboni, kimiminika kilichokuwa kikitumika pia kusafishia nguo. Kiliua minyoo kweli. Vilevile kiliharibu ini, na wagonjwa wengine walikufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Ugonjwa uliobeba jina la nyongo bila ini kuhusika ukawa sasa, kwa mkono wa tiba, unaliua ini. Dawa salama zaidi ilipatikana baada ya miaka michache, lakini habari za aina hiyo zilitakiwa zimfikie dresa wa zahanati ya kijijini, mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi kufunga vidonda na kugawa dawa, na hakukuwa na utaratibu wa kumrudisha darasani kila elimu ilipobadilika. Hapa ndipo hitaji la mafunzo endelevu lilipoonekana kwa uwazi.

Hata hivyo, pwani hii ilikuwa na mfano wa kale zaidi wa jinsi elimu ya tumbo inavyoweza kupatikana, na mfano huo ulipitia Pangani miaka 24 kabla ya mkonge.

Mwaka 1869 misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikirudi kutoka Umasaini. Njiani watu walianza kuhara na kutapika maji, wakakakamaa kwa mikazo ya misuli, wakafa ndani ya saa chache. Kwenye jina kipindupindu sikio la Mswahili husikia huko kupinda kwa mwili. Ugonjwa ukashuka na misafara hadi Pangani, na kutoka Pangani ukavuka bahari. Mwishoni mwa mwaka huo ulikuwa Unguja, ukaua maelfu kwa maelfu.

Unguja alikuwepo daktari Mskoti, James Christie. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kipindupindu kingekuja kwa merikebu kutoka Bara Hindi au Uarabuni, na kuangalia bandari tu. Christie alianza kuuliza. Aliwauliza wafanyabiashara, viongozi wa misafara na watu waliojua njia za bara: mmekutana na nini, wapi, mwezi gani, nani alianza kuugua? Kwa majibu yao aliunganisha safari nzima ya ugonjwa kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia nchi za wafugaji, hadi Umasaini na Pangani. Kitabu chake kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kilitoka London mwaka 1876. Miaka saba ilikuwa bado kabla Robert Koch hajaanza kumsaka mdudu mwenyewe wa ugonjwa huo nchini Misri. Christie hakuwa na mdudu wa kuonyesha. Alikuwa na maneno ya watu wa misafara, na kwa maneno hayo alijua zaidi ya ambaye angechungulia bandarini tu. Watu hao walikuwa walimu wake.

Alichofanya Christie kwa mtu mmoja mmoja, Tanzania ilikijaribu kwa nchi nzima karibu miaka mia moja baadaye.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Wizara ya Afya, Radio Tanzania na chama cha TANU, ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya. Magonjwa yaliyochaguliwa yalikuwa malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Matatu kati ya hayo, kuhara damu, safura na kichocho, husambazwa na kinyesi au mkojo wa mtu. Semina zilishuka kwa ngazi: wakufunzi wa taifa wakawafunza wa mikoa, wa mikoa wakashuka wilayani, na wilayani wakafunzwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Halafu kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 walikusanyika mara kwa mara kuzunguka redio. Walisikiliza kipindi, mmoja akasoma sura ya kitabu kwa sauti, wakajadili, na kabla ya kuagana wakakubaliana watafanya nini kabla ya kukutana tena.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyoitofautisha na sinema ya Vugiri. Kikundi hakikuambiwa tu kwamba choo ni kizuri. Wanachama waliulizwa nani hana, kwa nini hana, nani atamsaidia mjane asiyeweza kuchimba. Malaki ya vyoo vya shimo vilichimbwa nchini katika kipindi hicho. Havikudumu vyote. Vingine vilijengwa kwa hofu ya faini, na udongo wa mchanga wa pwani haushiki ukuta wa shimo kama udongo wa milimani. Kipindupindu nacho kiliingia Tanzania mwaka 1974, kikasambaa vikali mwishoni mwa muongo huo, na mwaka 1997 kiliwapata watu zaidi ya 40,000. Lakini wakati huo nchi ilikuwa na silaha ambayo Christie hakuwa nayo: maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, elimu iliyothibitishwa na madaktari Dhaka na Calcutta mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Mama aliyejua kuchanganya alikuwa na dawa jikoni kwake.

Leo neno semina limehamia zaidi kwa wataalamu. Daktari wa Tanzania anayetaka kuhuisha leseni yake lazima aonyeshe alama za mafunzo endelevu, na mada za tumbo na ini hazikosekani: homa ya ini aina ya B, ambayo chanjo yake iliingizwa kwenye chanjo za watoto nchini mwaka 2002, vidonda vya tumbo, kutapika damu kwa sababu ya ini lililokakamaa kwa makovu. Hoteli, projekta, chai ya saa nne, cheti. Vyote vina faida, na mganga wa Pangani au Mkinga anavihitaji kama wa Dar es Salaam. Kinachokosekana mara nyingi ni ile zamu ya Christie, mwalimu kuuliza anayefundishwa ameona nini.

Ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Tanga, huko Wawi, Pemba, ipo maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Italia aliyeitamani kabla ya kufa kwake. Watoto wa shule za Pemba, katika tafiti za miaka ya 1990, ndio walioonyesha kwa vipimo kiasi gani safura huchangia upungufu wa damu. Kipimo kinachotumika ni rahisi kukieleza: kinyesi kidogo huchujwa, hujazwa kwenye kitundu chenye ujazo maalumu, kisha hufunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini. Gliserini hufanya uchafu uwe angavu ili mayai yaonekane. Ikiachwa muda mrefu, huyafanya mayai ya safura yenyewe yawe angavu hadi yapotee machoni. Ya minyoo mingine hubaki kwa siku nyingi. Ya safura lazima yahesabiwe kabla ya saa moja kwisha tangu kioo kitayarishwe, kwa hiyo hadubini haiwezi kukaa mbali na mahali kinapotayarishwa. Mtoto huleta kikopo chake asubuhi, na kioo kikishatayarishwa, mtaalamu huinama juu yake papo hapo, akihesabu.