Njia ya protini: dende, Golji na levire

Kwenye iniversite wengi wetu tulifundishwa seli sawa picha ya kukariri: kiini hapa, retikulumu pale, Golji pembeni. Unachora, unapata pointi, unasahau. Hakuna aliyetuambia kama ile mishale midogo iligombaniwa miaka na miaka.

Camillo Golgi, Mwitaliano, alikiona kile chombo mu 1898 ndani ya seli za ubongo wa bundi. Batu wengi walikataa: ni alama za rangi tu, si kitu cha kweli. Ubishi uliisha mu miaka ya 1950, mikroskopu ya elektroni ilipokionyesha.

Lakini kuona kitu si kujua kazi yake. Hapa njo ninapoipenda hii historia. George Palade, mzaliwa wa Rumania, pamoja na James Jamieson, walichukua vipande vya kongosho la dende (ndiyo, dende sawa wale tunafuga Kivu). Wakavipa leusini yenye mnururisho kwa dakika 3 tu, kisha wakaweka leusini ya kawaida, wakangoja. Mwanzoni protini mpya ziko karibu zote mu retikulumu. Dakika 7 mbele, nyingi zimefika ukingoni mwa Golji. Karibu saa 2, nyingi ziko mu vifuko vinavyongoja kumwagwa nje. Matokeo yalitoka 1967. Nobel ikaja 1974, pamoja na Wabelgiji wawili, Albert Claude na Christian de Duve.

Sawa, njia imejulikana. Nani anaiendesha?

Randy Schekman, kule Berkeley, alichagua levire, ileile ya mikate. Ombi lake la kwanza la pesa za utafiti lilikataliwa. Wewe ambaye mradi wako umerudishwa, soma hapa polepole. Yeye na mwanafunzi wake Peter Novick walitafuta levire zinazoishi vizuri kwenye joto la chini lakini zinakwama nyuzi 37: protini hazitoki, seli inakuwa nzito. Kufika 1980 walikuwa na jeni 23.

James Rothman alipitia njia nyingine, seli za mamalia zilizopasuliwa, akapata protini inaitwa NSF. Ikaonekana ni ndugu wa SEC18 ya levire! Mashine ni moja. Nobel yao ni ya 2013, pamoja na Thomas Südhof.

Na leo kuna insulini ya wagonjwa wa sukari inayotengenezwa na levire, inatoka nje kwa njia hiyohiyo.