Asili ya Nahau za Ulevi katika Kiswahili

Nahau za ulevi aghalabu huhesabiwa kuwa maneno ya mzaha yasiyostahili uchunguzi. Hata hivyo, zikitazamwa kwa makini, hudhihirisha jinsi wasemaji wa Kiswahili walivyokikabili kileo: kwa kukieleza waziwazi, na pia kwa kukificha.

Msingi wa msamiati huu ni kitenzi "lewa". Maana yake haikomei kwenye pombe. Abiria aliyetiwa kizunguzungu na mawimbi naye husemwa kuwa amelewa, na chombo kinachoyumba baharini husemwa kuwa kinalewalewa. Kutokana na shina hilo yamepatikana levya, mlevi, ulevi na levuka, yaani kurudiwa na fahamu. Kadhalika, "kulewa chopi" hutokana na mwendo wa kuchechemea. Semi za aina hii hueleza mwili unaopepesuka, hazifichi kitu.

Nahau za kundi la pili zina tabia nyingine. "Kupiga maji" na "kupiga mtindi" zote mbili humaanisha kunywa pombe au kulewa, ilhali maji na mtindi ni vinywaji visivyo na lawama. Sababu haiko mbali. Pwani ni nchi ya minazi, na kugema tembo ni kazi ya tangu zamani. Lakini Uislamu, dini ya Waswahili wengi, umeharimisha kileo. Mahali ambapo kitu kinakatazwa na huku kinapatikana, lugha hutafuta stara. Yamkini mtindi uliteuliwa kwa kuwa, kama tembo, ni mweupe na huchachuka. Nayo maji yana uhusiano wa kweli na tembo, kwani methali yasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Kuvaa miwani", yaani kulewa, ni nahau inayojitangazia umri wake: haingeweza kuzuka kabla miwani haijajulikana nchini. Macho ya mlevi hubadilika, naye huuona ulimwengu kama kwamba kuna kitu mbele ya mboni. Hapa pia aibu imevishwa vazi la heshima.

Stara hiyo ina faida yake, kwani humwezesha mtu kumtaja mzazi au jirani mlevi bila kumvunjia hadhi. Lakini ina hatari pia. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa, ikabaki kuuzwa kwa siri hadi sheria ya mwaka 2010 ilipoiruhusu kwa masharti. Katika kipindi hicho cha siri, jina "kumi kumi", lililotokana na bei ya shilingi kumi kwa glasi, lilitaja bei na kunyamazia kilichomo. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli.

Basi nahau hizi si mzaha mtupu. Methali husema kwamba mlevi wa mvinyo hulevuka, bali mlevi wa mali halevuki. Waliotunga methali hiyo walitumaini kwamba mnywaji ataamka kesho yake. Walioinywa kumi kumi hawakuwa na dhamana hiyo, wala jina la kinywaji halikuwaonya.