Gari Lina Jina, Watu Hawana

Wapenzi wa magari ya zamani wana tabia moja ninayoipenda sana. Ukiwapa picha ya motokaa ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, hawaiangalii tu wakasema "nzuri" na kupita. Wanaisoma. Inazunguka kutoka mkono hadi mkono, mmoja yuko Uingereza, mwengine Canada, wa tatu Australia, na baada ya siku mbili wameshajua ni gari gani na la mwaka gani. Nimekuwa nikibadilishana nao picha za Afrika Mashariki kwa muda sasa, na wamenifunza mengi. Lakini kuna upande wa picha hizo ambao wao hawawezi kuusoma, na sisi tunaweza.

Kwanza, haki yao tuwape. Chukua Ford Model T. Liliundwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na ukiyatazama kwa mbali yote ni mamoja. Sogea karibu. Rejeta ikiwa ya shaba inayong'aa, gari ni la 1916 au kabla ya hapo. Usukani ukiwa kulia na picha imepigwa Mombasa, huenda gari limetoka Canada, maana Ford ya Canada, iliyoanzishwa 1904, ndiyo iliyopewa soko la makoloni ya Uingereza. Model A, lililofuata, lina alama zake pia: ya 1928 na 1929 yana magurudumu ya inchi 21, ya 1930 na 1931 yana inchi 19, na rejeta imepanda juu kidogo.

Kwa hiyo picha isiyo na tarehe inapata pa kuanzia. Gari linakwambia picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko mwaka fulani. Halikwambii ilipigwa miaka mingapi baada ya hapo, na kwetu, mnajua wenyewe, gari halistaafu mapema.

Sasa hebu tuangalie picha zenyewe. Agosti 1907, afisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililoundwa Gaggenau, Ujerumani. Alikuwa akielekea Swakopmund, kwenye pwani ya Namibia ya leo. Alifika Mei 1909, na anatajwa kuwa mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa gari. Lakini jiulizeni, petroli aliipata wapi? Vituo vya mafuta hakuna, barabara zenyewe hakuna. Mafuta yalibidi yatangulie njiani, na kwa wakati ule mzigo uliokwenda bara bila reli ulikwenda juu ya vichwa vya watu, maana ng'ombe na farasi waliuliwa na ndorobo. Gari likikwama, lilivutwa kwa kamba na watu haohao. Yaani safari ya kwanza ya gari kuvuka Afrika, sehemu kubwa ilikuwa safari ya wapagazi.

Miaka michache baadaye, Vita vya Kwanza viliwachukua wapagazi wengi zaidi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na jeshi la wapagazi la Waingereza, Carrier Corps. Mtaa umebaki na jina la kikosi. Wengi waliobeba hawakubaki na jina popote.

Halafu kuna msafara wa Citroën wa 1924 na 1925, Wafaransa wanauita Croisière Noire. Magari manane yenye minyororo badala ya magurudumu ya nyuma yalitoka Algeria. Yalipofika Kampala yakagawanyika makundi manne, moja likateremka Mombasa, jingine Dar es Salaam. Kila gari lilipewa jina lake: moja Mdudu wa Dhahabu, Scarabée d'Or, jingine Hilali ya Fedha, Croissant d'Argent. Msafara ulikuwa na mpiga filamu wake, Léon Poirier, na mchoraji wake, Alexandre Iacovleff, kwa hiyo kumbukumbu hazikukosekana. Leo wapenzi wa magari watakutajia majina yale yote manane bila kusita. Waulize yule aliyesimama kando ya gari, kashika jembe, anaitwa nani. Kimya.

Siwalaumu. Wao wanajua chuma, na maelezo ya chini ya picha waliyorithi hayakuwapa zaidi ya "wenyeji". Sisi je?

Upande wa mama yangu kuna picha ya Ford Model A, vijana watatu wamelizunguka. Mzee mmoja wa Kiingereza aliitazama akaniambia gari ni la 1930 au 1931, akanionesha rejeta na magurudumu. Nikamtumia bibi yangu mdogo aliyeko Muscat, ana miaka 80 na kitu. Akanijibu kwa sauti: "Hilo gari silijui mie. Lakini huyu aloshika hendeli namjua, kanilea." Akanitajia jina lake, la baba yake, na mtaa waliokaa. Alikuwa taniboi, utingo, kazi yake kuliwasha gari asubuhi, kulipakia na kuliosha. Usukani alikuja kupewa baadaye sana.

Mzee katupa mwaka, Bibi katupa mtu. Hakuna kati yao ambaye angeweza kufanya kazi ya mwenzake, na wallahi hawawezi hata kuzungumza, mmoja hana Kiswahili, mwengine hana Kiingereza. Aliyesimama katikati ni mimi, na Kiswahili changu hiki cha kuungaunga.

Ndiyo maana naandika haya. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, na unaweza kuziona ukiwa nyumbani. Tafuta za mji wa kwenu, uwaoneshe wazee. Usiulize "huyu nani?" tu. Uliza: gari la nani hili? Nani alikuwa akiliendesha? Nani alikuwa akiliosha? Lilikuwa likienda wapi, limebeba nini? Swali la kazi linafungua mdomo kuliko swali la jina, na jina linakuja lenyewe.

Kisha andika. Jina, jina la baba, mtaa, kazi, na nani kakwambia. Ukimpa mtu picha, mpe na maneno hayo, umwombe asiyatenganishe. Wapenzi wa magari niliowapelekea majina wameyapokea vizuri sana, na mmoja keshayaandika chini ya picha, kabla ya jina la gari.

Bibi yangu ana picha nyingine tatu za kunisomea. Nitampigia Jumapili, inshallah.